Moto wa Kati Hauonekani

"Marehemu habishani bei," Immakulata alisema, mikono kiunoni. "Umewahi kuona wapi?"

"Nimeona leo, hapo sokoni, anapunguziwa mawese," Kuruthumu akamjibu kutoka upande wa pili wa ua wa matete. "Gauni lile lile la kitenge cha njano, lenye mabega yaliyotuna, alilovaa siku anaagwa kwenda kuolewa Kibondo. Mwili wote ulinisisimka."

"Mwili wako husisimka hata mbuzi akikohoa."

"Na wewe huamini kitu mpaka kikung'ate."

Ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 2013, vumbi jekundu la Kasulu limekaa juu ya kila jani, na mtaa mzima ulikuwa umeshatoka nje kusikiliza. Hakuna aliyeona haja ya kumuuliza Mama Safina, mwenye nyumba ya pembeni, ambaye ndiye aliyefiwa na huyo binti. Safina alikuwa amezikwa Kibondo, kwa mumewe, masika ya mwaka uliotangulia. Ugomvi ulikuwa umefika pabaya, pale wanapoanza kutajiana nani hakuja kwenye msiba wa nani, ndipo gauni la njano likatokea kwenye kona. Nyuma yake alifuata mwanamume mrefu, shati jeupe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, amebeba dumu la mawese.

Kuruthumu alikaa chini vumbini. Immakulata, yule asiyeamini, alisema "mawe" moja tu, ya kumlilia mama kwa Kiha, na kukimbilia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Mama Safina alikuwa na mabinti wawili. Mdogo, Mwatumu, umbo moja na dada yake, alikuwa Ujerumani akisomea fizikia tangu kabla dada yake hajaolewa, na siku hiyo ndiyo kwanza amerudi nyumbani kwa likizo. Begi lake lilisahaulika kwenye basi, likaendelea na safari ya Kigoma. Mama akafungua sanduku. Nguo za marehemu ziligawiwa kwa ndugu siku ya arobaini, na gauni la njano lilikuwa fungu la Mwatumu, limekaa na vidonge vya kufukuza nondo, linamsubiri. Akalivaa kwa sababu hakuwa na jingine, akatumwa sokoni kununua mawese.

Kati ya wauza mihogo na wauza dagaa wakavu, akasikia jina likitajwa nyuma yake, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Safina."

Aligeuka. Nani asingegeuka? Mbele yake alisimama kijana wa miaka thelathini na kidogo, amekumbatia tairi za baiskeli kama mtu aliyeokoa vitu kwenye moto, usoni hana damu.

"Siye," Mwatumu akamwambia.

"Najua siye. Mdomo ndio umetangulia."

Mwatumu alimtambua kwa picha za harusi ambayo hakuhudhuria. Huyu ndiye Hilali, muuza vipuri vya baiskeli wa Kibondo, aliyekuja Kasulu kuchukua mzigo. Walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana.

"Basi wewe ni shemeji yangu," alisema.

"Nilikuwa."

"Ushemeji hauzikwi. Shika dumu hili, mkono umeniuma."

Hivyo ndivyo walivyotokea kwenye kona ile, na hivyo ndivyo Kuruthumu alivyochafua kanga yake mpya.

Wiki iliyofuata Mwatumu alikwenda Kibondo kuzuru kaburi. Nyumba ya Hilali ilikuwa nyumba ya watu: shangazi yake Faudhia, walimu wawili wapangaji, na wageni ambao hakuna aliyekumbuka walikuja kwa nani. Chumba kimoja tu kilikuwa na kufuli, cha Safina, na watu walipopita mbele yake walipunguza sauti. Baada ya dua makaburini wakaketi mkekani kula, na Shangazi Faudhia, ambaye alipenda kujua kila kitu cha kila mtu, akataka kuelezwa hiyo elimu isiyokwisha inahusu nini.

Mwatumu akawaeleza. Unachukua gesi, unaichemsha mpaka inaacha kuwa gesi, inakuwa kitu wanachokiita plazma, moto kuliko tumbo la jua. Hakuna chombo cha kuibeba, kila chombo kitayeyuka, kwa hiyo inaning'inizwa kwa nguvu za sumaku isiguse ukuta. Siku ikikubali kutulia, watu watapata umeme mwingi ajabu. Lakini haitulii. Ukingoni inachafuka, inarusha mapande ya moto nje, na joto linapotea. Yeye kazi yake ni huo ukingo tu, kwa nini unachafuka.

"Kama maziwa yanayotaka kumwagika," shangazi akasema.

"Kama maziwa, shangazi, ila hayana sufuria."

"Na kwa nini usisome katikati, kwenye moto wenyewe, unahangaika pembeni kama mtu asiyealikwa?"

"Nina kisindano cha kupimia. Nikikipeleka katikati kinakwisha. Kinagusa ukingo kidogo, kinarudi."

Mwalimu mmoja akamwomba, wakifanikiwa, waanze na Kibondo, maana jenereta la mji lilikuwa likilala mapema kuliko kuku. Wakacheka wote. Hilali hakucheka. Alikuwa akimenya chungwa, akitabasamu tabasamu la mtu anayesimuliwa hadithi aliyokwisha kuisikia. Hakuna aliyeliona.

Siku za likizo zikawa zinapita na Hilali akawa na mizigo mingi ya kufuata Kasulu, mingi kuliko baiskeli zote za wilaya. Maneno yakaanza. Kuruthumu alisema binti atawekwa kwenye kitanda cha dada yake, ndivyo inavyokuwa. Immakulata alisema mtoto aliyesoma vile hawezi kupokea urithi wa mkeka. Mama Safina alianza tu kumpikia Hilali kila anapokuja. Yeye alipita mlango wa uani kama zamani, kama mkwe, akivua viatu jikoni.

Siku Mwatumu alipoondoka, stendi, Hilali alimpa zawadi: taa ya baiskeli ya dinamo, imefungwa kwenye gazeti.

"Ina sumaku ndani," alimwambia. "Huwaka ukitembea. Ukisimama inazima."

"Unanifundisha fizikia, shemeji?"

"Nakuomba usiniite shemeji."

Mwatumu alipanda basi, akakaa na lile gazeti mapajani hadi Nyakanazi.

Simu zikachukua nafasi. Alimpigia akitoka maabara, theluji ikiwa kwenye viatu, naye Hilali akipokea dukani kati ya minyororo na pedeli. Alimwita fundi pancha; yeye akamwita mwenye sumaku. Siku zingine hawakuwa na la kusema, wakaachiana pumzi. Shangazi Faudhia alisimulia mtaa mzima kwamba mpwa wake ameanza kupaka mafuta usoni kwa ajili ya kuongea na simu. Ilifika mahali Hilali akatamka neno "mpenzi" bila kulizungushia, na Mwatumu akamwambia arudie, mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Halafu ikaja Januari ya 2014. Jaribio alilolisubiri kwa miezi lilifeli, kisindano kikaungua, akapiga simu analia. Alisema hajui anachotafuta, anatazama giza tu. Hilali akambembeleza kwa maneno yote aliyokuwa nayo, na mengine ambayo hakupaswa kuwa nayo.

"Si ulisema mwenyewe, mpenzi? Kwamba kwenye kamera katikati panaonekana peusi kwa sababu moto ni mkali mno hautoi mwanga unaoonekana kwa macho. Kinachong'aa ni ukingo, palipopoa. Kwa hiyo giza lile si utupu. Ndiko moto uliko."

Kilio kikakatika. Hilali akadhani amemtuliza.

"Nani alikuambia hayo?"

"Wewe."

"Sikukuambia wewe. Nilimwandikia dada. Siku nilipoona plazma kwa mara ya kwanza kwenye kamera, nilimwandikia dada, akanijibu kwamba hata mtu aliyenyamaza ni hivyo hivyo. Nililia nilivyosoma." Akavuta pumzi. "Ilikuwa mwezi wa tano, Hilali. Safina alikuwa kaburini tangu mwezi wa tatu."

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu kila mtu wa kwetu ataelewa na ataona haya. Safina alipofariki, wazee walikaa wakasema aliye mbali asiambiwe. Ana mitihani, yuko peke yake ugenini, ataiacha, na hata akija hatamkuta. Subirini amalize. Ndivyo tunavyofanya, kwa huruma, na kila nyumba ina mtu aliyewahi kufanyiwa. Shida ni kwamba Mwatumu alikuwa akimwandikia dada yake kila siku, na simu ya Safina ilikuwa mkononi mwa mjane wake. Wakamwambia Hilali amjibu kidogo tu, binti asishtuke. Akajibu kwamba yu salama, simu ina ubovu haiwezi kuongea, waandikiane. Siku ya pili akajibu kwa urefu. Mpaka mitihani inakwisha, Hilali alikuwa amezoea kukaa chumbani kwa marehemu jioni na kuwa Safina. Akiandika, Safina alikuwa hai ndani ya nyumba. Akizima simu, anafiwa upya.

Mama ndiye aliyempa Mwatumu habari mwishoni, kwa simu, msiba ukiwa umeshapoa. Kila mtu alikuwa ameshalia. Hakubaki wa kulia naye.

"Nilidhani ni mama alikuwa anakaa na simu ile," Mwatumu alisema. "Nilikuwa nimeshamsamehe mama. Yale niliyomwambia dada, sikumwambia hata Mungu."

Hilali akaanza kusema samahani. Simu ilikuwa imeshakatwa.

Hakupokea tena. Hilali alipiga, akaandika, akaacha. Duka likawa kimya, mafuta ya uso yakakauka kwenye kopo. Kisha, Ijumaa moja, watu wakiwa mkekani kwa chakula cha jioni, simu ikalia ndani ya chumba kilichofungwa.

Mikono yote ilisimama ndani ya sinia. Ilikuwa simu ya Safina, mlio wake ule ule wa zamani. Hilali aliendelea kuiweka chaji na kuitia vocha, hakuwahi kumwambia mtu kwa nini. Ikalia mpaka ikachoka. Shangazi Faudhia akasoma Ayatul Kursiy. Hilali hakuinuka. Alijua ni nani anayepiga kutoka Ujerumani, na alikuwa ameapa hatajibu tena kwa simu ile maishani, kwa jina la Safina wala kwa lake mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata ikalia tena. Mwaka mzima ikawa hivyo, na mwalimu mmoja akahama nyumba kwa sababu hiyo. Mtaani walisema Safina anadai. Hakuna aliyesema anadai nini.

Mwatumu naye hakujua kwa nini anapiga. Alikuwa akisikia mlio unaita, anajua simu ile haijaachwa ife, na kwamba mahali fulani Kibondo watu wameacha kula. Kazini aliendelea na ukingo wake. Kwa kawaida ya maabara yao, kila pande la moto linalopita kwenye kisindano huacha alama. Wanachukua maelfu ya alama hizo, wanazipandanisha, wanatafuta wastani. Linatoka umbo moja zuri, linapanda ghafla na kushuka polepole kama mlima. Umbo hilo alikwisha kulionyesha mbele ya watu wazito na kupigiwa makofi. Siku moja, kwa uchovu, akaanza kulitafuta kati ya alama zenyewe, apate japo moja iliyofanana nalo. Hakuipata. Kila pande lilipita kivyake, na kovu lake. Lile zuri halikuwahi kutokea hata mara moja.

Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta, akayakumbuka yale majibu ya dada. Yule dada wa mwezi wa tano, mpole, mwenye majibu, hakuwa Safina. Safina alikuwa na haraka, akisahau kujibu, akijibu kwa kicheko. Wala hakuwa Hilali peke yake. Walikuwa wamemtengeneza wao wawili, mmoja akitaka mke asiyekufa, mwingine akitaka dada anayesikiliza, wakampata mwanamke ambaye hakuwahi kuishi. Likabaki swali moja: Hilali alipomwita mpenzi, alikuwa akimwita nani?

Masika ya 2015 simu ililia jioni moja mvua ikipiga mabati. Hilali alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha, akanawa, akachukua ufunguo shingoni, akafungua chumba. Alirudi na simu inalia mkononi, akaketi katikati ya watu, akaiweka sauti ya juu.

"Mwatumu," alisema. "Ni Hilali."

Upande wa pili hakukata.

"Nina taarifa ya kukupa. Dada yako Safina amefariki. Alianza na homa, tukadhani itapita. Tukampeleka hospitali mvua inanyesha kama hivi. Alikuulizia. Alitaka nikupigie simu aongee na wewe, nikamwambia tungoje kesho apate nguvu. Kesho hakuamka. Tunamzika leo. Pole sana, mdogo wetu. Uko mbali, lakini msiba ni wako."

Kisha sauti ikatoka kwenye kile kisimu, sauti ya mtu anayeng'olewa, ikamwita dada yake kwa jina la utotoni ambalo Kibondo hakuna aliyelijua. Shangazi Faudhia akajifunga kanga kichwani, akapokea kilio. Wakalia wote. Majirani wakaja mbio kwenye mvua wakiuliza nani, nani amefariki. Wakaambiwa ni Safina. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Walivua viatu, wakaketi. Kisimu kiliwekwa juu ya kigoda katikati ya sebule, na matanga ya Safina yakakaliwa upya mpaka vocha ya Ujerumani ilipokwisha.

Kesho yake Mwatumu alipiga kwenye simu ya Hilali mwenyewe.

"Jana nililia," alisema, sauti imekauka.

"Tulisikia. Kibondo nzima ilisikia."

"Hilali, nijibu bila kunipamba. Ukiniwaza, unaniona nimevaa nini?"

Mwatumu alishajiandaa kusikia gauni la njano.

"Nguo sizioni," Hilali alisema. "Naona mkono. Ulikuwa unaeleza habari za sumaku, ukasahau tonge mkononi. Likapoa, ukaendelea kulipeperusha kama bendera, mchuzi unamdondokea shangazi. Safina hakuwahi kusahau chakula hata siku moja katika maisha yake."

Huko Ujerumani mtu akacheka na kulia kwa pamoja, wenzake wakageuka kumtazama.

Alirudi Kasulu mwezi wa nane, amemaliza masomo, barabara ikiwa imejaa malori ya wakimbizi kutoka Burundi. Safari hii begi lilishuka naye. Akafua gauni la njano, akalianika uani, na Kuruthumu, aliyeliona likijaa upepo mabegani, hakupiga kelele. Alilisalimia tu kwa kichwa na kupita.

Kilichomshtua kilikuja Jumamosi mchana. Hilali alishuka kwenye basi, kanzu imepigwa pasi, akafika nyumbani kwa Mama Safina. Hakupita uani. Alisimama mbele, mlango wa barabarani, akapiga hodi kama mtu wa sensa.

"Amesahau njia?" Kuruthumu akauliza juu ya ua. "Mkwe gani anabisha hodi mbele?"

"Labda amekuja kurudisha vyombo," Immakulata akasema.

"Vyombo gani, na mikono mitupu?"

"Basi nyamaza tusikie."

Mama Safina alifungua. Alimwambia mkwe wake kwamba uani pako wazi, asijisumbue na jua.

"Mama, leo sikuja kama mkwe," Hilali alisema. "Wazee wangu watafuata kwa mjomba. Mimi nimetangulia kuuliza mwenyewe."

"Umekuja kwa nani?"

"Kwa Mwatumu."

Tangu mumewe afe, kila aliyebisha mlango ule alimwita kwa jina la binti wa kwanza, na hakuna aliyewahi kuja kwa ajili ya wa pili. Mama alimtazama Hilali, akatazama kule uani, kwenye kamba, kitenge cha njano kinavyocheza. Kisha akasogea pembeni.

Mwatumu alikuwa amesimama nyuma yake, gauni la kijani, ushungi umeteleza, unga wa muhogo hadi kwenye viwiko. Alikuwa amesikia yote.

"Mimi ni wa kwenda na kurudi," alimwambia. "Kazi iko kule."

"Nenda. Mradi urudi."

"Na dada naye atakuwepo. Kila nyumba tutakayokaa, atakuwepo."

"Najua. Sitamsemea tena."

Mwatumu akamwangalia kwa makini, kama anayepima kitu kinachoweza kumuunguza. Nje, pande zote mbili za ua wa matete, masikio yalikuwa yametegwa. Ndani, harufu ya sombe, majani ya muhogo, na mawese ilifika mpaka mlangoni.

"Karibu ndani, Hilali, ule," alisema. "Njoo haraka, kabla sijaanza kuongea chakula kikapoa."